Saa 40 zimepita, juisi ya zabibu haijabubujika hata mara moja. Hamira imekufa?

Mzabibu_Dom

Wakuu habari za leo. Naomba msaada wa haraka kabla sijamwaga mzigo.

Nina zabibu za Makutupora nyekundu kilo 22. Nimezitoa vikonyo na kuziponda kwa mikono, na sasa ziko kwenye ndoo ya lita 30 pamoja na maganda. Kwa jicho ni kama lita 20. Haidromita (kipimo cha sukari iliyomo kwenye juisi) ilisoma 1.094. Saa 3 usiku niliweka metabisulfaiti ya potasiamu kijiko kimoja cha chai, kilichojaa, ili kuua vijidudu vilivyotoka shambani. Kesho yake saa 1 asubuhi nikachukua pakiti ya hamira ya waini (EC-1118, gramu 5), nikaikoroga kwenye nusu glasi ya maji ya uvuguvugu yenye vijiko viwili vya sukari. Ikatoa povu kidogo, nikamimina. Mfuniko nimefunga, una tundu la mpira wa dripu unaoishia kwenye chupa ya maji.

Leo ni saa ya 40. Chupa kimya, maganda hayajapanda. Ndoo iko sakafuni stoo, na Dodoma usiku huu wa Agosti mnaujua. Niongeze pakiti nyingine?

Pipa_Kuukuu

Usimwage, na usiongeze kitu chochote bado. Chupa kutobubujika si ushahidi. Mifuniko mingi ya ndoo hizi inavujisha hewa pembeni, gesi inapita huko badala ya kupita kwenye mpira. Kwa hiyo jibu mambo matatu:

Haidromita inasoma ngapi leo? Kama imeshuka hata alama nne (0.004), kazi imeanza na tatizo ni mfuniko. Halafu joto la juisi yenyewe, katikati ya ndoo, si la chumba. Na la tatu, rangi ikoje na inanuka nini? Hili la tatu ndilo ninalolitaka zaidi.

Kitochi255

Mkuu, unahangaika bure. Tupia pakiti mbili kavu juu ya maganda, funika, kesho utakuta inachemka. Hamira haihitaji mbwembwe zote hizo.

Mzabibu_Dom

@Pipa_Kuukuu haidromita bado 1.094, haijacheza. Kipimajoto nimezamisha saa 2 asubuhi, nyuzi 17. Rangi ndiyo inanishangaza: nilipoponda ilikuwa inaelekea zambarau, sasa imepauka, kama juisi ya tikiti. Harufu ni kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi, inakwaruza pua.

Pipa_Kuukuu

Basi umejijibu. Rangi ya zabibu nyekundu hupaushwa na gesi ya salfa dayoksaidi inayotoka kwenye metabisulfaiti. Kipimo sahihi hakigeuzi mvinyo mwekundu kuwa rangi ya tikiti. Ukiona hivyo, umezidisha, na umezidisha sana. Habari njema ni kwamba rangi hiyo haijapotea. Gesi ikipungua inarudi yenyewe, na ndiyo itakayokuwa saa yako: juisi ikianza kukolea tena, hamira nayo itaweza kuishi humo.

Tupige hesabu. Metabisulfaiti ya potasiamu ina salfa dayoksaidi takriban asilimia 57 ya uzito wake. Kijiko cha chai kilichosawazishwa juu kinabeba gramu 5 hadi 6. Kilichojaa kinaweza kufika 8. Gramu 8 mara 0.57 ni gramu 4.6, gawa kwa lita 20, unapata miligramu 230 kwa kila lita. Zabibu nzima zisizooza zinahitaji kama miligramu 50 tu, yaani gramu 1.75 kwa ndoo yako yote. Hiyo ni robo kijiko na nyongeza kidogo. Unga huu haupimwi kwa kijiko. Tafuta mizani ndogo kama ya sonara, hiyo ya kusoma sehemu ya kumi ya gramu.

Pili, ulisubiri saa 10. Hata kwa kipimo sahihi husubiriwa saa 24, ndoo ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, si mfuniko uliobana, ili gesi ipate pa kutokea. Wewe hamira yako imeingia kwenye chumba kilichopigwa dawa, dirisha limefungwa.

Ndugu yangu Kitochi, pakiti mbili kavu juu ya hayo ni kupeleka askari wengine kwenye handaki lilelile. Seli kavu ya hamira haina ngozi nzima. Katika dakika zile za kwanza za kunywa maji haina uwezo wa kuchagua nini kiingie na nini kisiingie, kwa hiyo salfa, sukari na asidi vinaingia vyote kwa pamoja. Kwenye juisi ya 1.090 isiyo na salfa unaweza kutupia kavu ukabahatika, maana pakiti ina mabilioni ya seli na wachache watabaki. Hapa hapana.

MamaRozela

Nakubaliana na Pipa, ila makosa hayakuanzia kwenye metabisulfaiti peke yake. Nusu ya tatizo ni ile nusu glasi.

"Uvuguvugu" ni ngapi? EC-1118 inataka maji ya nyuzi 35 hadi 40, uzito wa maji uwe mara kumi ya uzito wa hamira, yaani gramu 5 kwa mililita 50. Maji yakiwa ya baridi, ya bombani asubuhi, sehemu kubwa ya seli humwaga vilivyomo ndani kabla ngozi haijajifunga, na hazirudi. Yakizidi 43 unazipika. Kidole si kipimajoto: maji yanayoonekana ya vuguvugu kwa mkono uliotoka kufua ni mengine kabisa kwa mkono uliotoka nje kwenye baridi.

Sukari usiweke hatua hii. Vijiko viwili kwenye nusu glasi ni sharubati, na sharubati inafyonza maji kutoka kwenye seli wakati ndiyo kwanza inajaribu kuyanywa. Maji safi matupu. Yaliyochemshwa yakapoa yanafaa, ya chupa yanafaa. Ya kisima ya Dodoma yenye chumvichumvi nayo si mabaya kwa kiasi hiki kidogo, kwani madini kidogo yanaisaidia. Ya betri ndiyo usitumie, yale hayana kitu ndani.

Nyunyiza hamira juu ya maji isambae, acha dakika 15 bila kugusa, ndipo ukoroge taratibu mabonge yaishe. Povu si lazima litoke. Hapa wengi wanadanganyika kwa kuzoea hamira ya maandazi: kwenye maji matupu hakuna cha kula, povu litoke wapi? Unachotafuta ni uji laini wa rangi ya maziwa ya kahawia unaonuka mkate. Usiiache ikapita nusu saa bila kuipa juisi, inaanza kula akiba yake.

Halafu ngazi ya joto. Hamira iko 38, juisi yako iko 17. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 21. Kanuni ni isizidi 10. Ukiimwaga tu, zilizobaki hai zinaduwaa, na baadaye unaweza kupata harufu ya mayai viza. Unachukua vijiko vitatu vya juisi ya ndoo unaviweka kwenye hamira, unasubiri dakika 5 hadi 10, unaongeza tena, mpaka joto lao lisogeleane. Na ndoo nayo uipandishe ifike 22 au zaidi kabla. Chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji ya moto, imefungwa vizuri na kuoshwa nje kwa dawa, itumbukize humo, badilisha kila saa. Kisha inua ndoo kutoka kwenye saruji. Sakafu inanyonya joto usiku kucha. Weka juu ya ubao au gunia, zungushia blanketi.

Mzabibu_Dom

Nimeelewa nilipoharibu. Sasa ndoo hii naiokoaje? Nimesoma mahali kwamba haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa inaua salfa papo hapo. Ninayo.

Pipa_Kuukuu

Inafanya hivyo kweli, kikemia. Mililita moja ya peroksaidi ya asilimia 3 inamaliza miligramu 56 hivi za salfa dayoksaidi. Shida ni kwamba hujui iliyo huru humo ndani ni kiasi gani sasa hivi; nyingine imeshashikana na sukari na rangi, nyingine imeruka. Ukizidisha kidogo, peroksaidi iliyobaki inaanza kula rangi na ladha, na hilo halirudi nyuma. Za duka la dawa pia zina asilimia tofauti na vihifadhi vyake. Iache ikae kwa ajili ya vidonda.

Fanya hivi. Leo tafuta ndoo ya pili safi, mimina kutoka moja kwenda nyingine kwa urefu wa mkono, mara nane hadi kumi, juisi na maganda yote. Fanyia nje, uso uwe upande upepo unakotoka. Mwenye pumu asikaribie. Kwa kawaida humwagimwagi mvinyo hewani hivi, lakini kwa kiwango ulichonacho salfa itailinda, na hamira itahitaji hiyo oksijeni baadaye kujenga ngozi. Funika kwa kitambaa, acha usiku mmoja, kesho rudia. Harufu ya kiberiti ikibaki kwa mbali na rangi ikianza kurudi, uko tayari.

Wakati huo unatengeneza kianzio, yaani hamira unayoikuza pembeni kabla ya kuiingiza kwenye ndoo. Usikianzishe kwa juisi ya ndoo hiyo. Kamua zabibu chache ambazo hazijaguswa na metabisulfaiti, upate mililita 100, changanya na maji mililita 100. Kama zabibu zimekwisha, maji mililita 200 na sukari gramu 20, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate uliyoichemsha dakika 10 kwenye maji kidogo. Imekufa, ndiyo. Maiti zake ni chakula cha hizi hai.

Safari hii tumia gramu 10 badala ya 5, kwa sababu mazingira ni magumu. Iamshe kwa maji mililita 100 kama Mama alivyoeleza, ipoze hadi karibu nyuzi 28 kwa huo mchanganyiko wa juisi, weka kwenye chupa ya lita 3 iliyofunikwa kitambaa, itikise kila ukipita. Ndani ya saa 2 hadi 4 utaona mapovu madogo yakipanda pembeni ya chupa na kusikia ule mchakacho mwembamba, kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili. Hapo tu ndipo unaongeza juisi ya ndoo mililita 200 iliyopashwa joto kidogo. Subiri mchakacho urudi. Ongeza 400. Subiri. Ongeza 800. Kila hatua inaweza kuchukua saa 3, inaweza kuchukua 8; anayeamua ni hamira, si saa yako. Kila mara wanaoongezeka ni wale waliozoea salfa kidogo zaidi ya jana, na hamira inayofanya kazi yenyewe hutoa kemikali inayoishika salfa na kuizima. Ndiyo maana kianzio kinashinda pale ambapo pakiti kavu inashindwa.

Ukifika karibu lita 2 zinazochemka vizuri, mimina kwenye ndoo. Usikoroge mara moja. Acha kianzio kikae sehemu moja saa kadhaa kikusanye nguvu, kisha ndipo uchanganye.

Kuanzia sasa hakuna metabisulfaiti tena kwenye mzigo huu, hata wakati wa kuhamisha kutoka kwenye mashapo. Salfa iliyoshikana haiondoki kwa kumiminamimina, bado imo. Ulaya mvinyo mwekundu mkavu hauruhusiwi kuzidi miligramu 150 kwa lita kwa jumla. Waambie wageni wako, hasa wenye pumu.

Kitochi255

Sawa mkuu nimekoma. Lakini mbona watu huku mtaani wanatumia hamira ya mandazi kwenye rozela na inachachuka vizuri tu, bila kianzio?

MamaRozela

Inachachuka, ni jamii ileile ya kiumbe, *Saccharomyces cerevisiae*. Tofauti iko mbele ya safari. Ya mkate imechaguliwa kwa kutoa gesi haraka, inachoka mapema zaidi, mara nyingi kileo kikifika asilimia 10 hadi 12, EC-1118 inafika 18. Halafu mashapo yake ni kama pamba, ukitikisa ndoo kidogo yanapanda tena, unapoteza lita mbili bure ukihamisha. Ukiitumia, usianze juu ya 1.080, kiasi ni gramu 5 hizohizo kwa lita 20. Vijiko vinne "ili iwahi" ndiyo chanzo cha waini yenye ladha ya unga mbichi.

Na rozela ina vituko vyake. Asidi yake ni kali, ukiweka maua mengi inashuka chini ya pH 3.0 na hamira inajikunja. Punguza maua au ongeza maji. Magadi ya kupikia yataacha uchumvi. Chakula cha hamira pia ni kidogo mno kwenye rozela, zabibu zina afadhali.

Kosa kubwa zaidi la rozela lakini ni joto. Watu wanamimina maji yaliyochemka juu ya maua, lita 20, jioni wanagusa juu, pamepoa, wanaweka hamira. Katikati bado kuna nyuzi 45. Ndoo ya plastiki iliyojaa inashika moto kama chupa ya chai. Koroga kwanza hadi chini, ndipo upime.

Wa_Limuru

Naomba kuingilia. Mimi niko Kenya, huku Limuru baridi ni kali, nimejaribu juisi ya pakiti ya tufaha kutoka dukani, lita 5, kianzio kilikuwa kinachakacha vizuri, nikakimwaga ndani kikafa. Joto nilipima, 23. Metabisulfaiti sikuweka.

Pipa_Kuukuu

Wewe hukuweka, kiwanda huenda kiliweka. Soma pembeni ya pakiti. Ukiona E202 au E211, yaani sorbeti ya potasiamu au benzoeti ya sodiamu, hiyo juisi imetengenezwa makusudi hamira isizaliane. Kianzio kinaingia na nguvu zake, kinakula kidogo, hakizai, kinaisha. Kumiminamimina hakusaidii, hizo haziruki. E220 hadi E228 ni jamaa za salfa, hizo ukipata kidogo unaweza kuzivumilia. Nunua iliyohifadhiwa kwa kuchemshwa pekee, au kamua mwenyewe.

Mzabibu_Dom

Narudi na majibu, siku ya nne tangu nianze kianzio. Nilimiminamimina siku mbili, rangi ilianza kurudi jioni ya siku ya pili, zambarau nyepesi. Hatua ya mililita 400 ilikwama saa 9 nzima, nikadhani imeisha, kisha ikaamka. Jana saa 4 asubuhi nimemwaga kianzio kwenye ndoo, juisi ikiwa 23. Leo haidromita 1.086, joto 25, maganda yamepanda yameumuka kama kofia, nikiweka sikio nasikia. Maswali mawili: hamira niilishe lini, na DAP (chumvi ya naitrojeni na fosfeti inayouzwa kama mbolea) ya dukani kwa mkulima inafaa kuwa chakula chake? Ni rahisi sana kupatikana.

MamaRozela

Hongera. Alama nane ni kama asilimia moja ya kileo.

DAP ya mbolea usiweke kabisa. Jina ni moja, usafi si mmoja. Ile ya shambani haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu na inaweza kuwa na metali nzito. Tafuta ya daraja la chakula kwa wauza vifaa vya maabara au vya viwanda vya vyakula, au rudi kwenye hamira ya mkate iliyochemshwa, gramu 10 kwa ndoo yako. Ukipata DAP ya chakula ni gramu 5 kwa lita 20: nusu sasa, nusu haidromita ikifika karibu 1.064, ambapo theluthi ya sukari imeliwa. Iyeyushe kwanza kwenye juisi kidogo. Ukimwaga unga mkavu kwenye juisi inayochemka, povu litapanda mpaka ukutani. Baada ya hapo acha, chakula kinachobaki mwishoni kinaliwa na bakteria.

Pipa_Kuukuu

Na hiyo kofia izamishe mara tatu kwa siku kwa mwiko wa plastiki uliosafishwa, hadi iloe yote. Ikikaa juu kavu, bakteria wa siki wanaipenda, na ndani yake joto linazidi la juisi ya chini kwa nyuzi kadhaa. Pima hapo, si chini. Ikikaribia 32 ondoa blanketi, weka ndoo kwenye karai la maji.

Fungua dirisha la stoo. Sukari ya ndoo yako ikiisha itakuwa imetoa karibu lita elfu moja za gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo inatuama chini. Usiinamie ndani ya ndoo kunusa.

Ikifika 1.010 kamua maganda, hamishia kwenye dumu lenye mpira wa dripu. Haidromita yako imepimiwa nyuzi 20, kwa hiyo ukisoma kwenye 30 ongeza 0.002.